Kijani Kupita Kiasi

Kama ungepita njia ile ya juu ya Ruring'u mwezi wa saba, baridi imeketi na jua limesahau kazi yake, ungeona mashamba ya watu yamekwajuka na nyasi za nepia zimekuwa rangi ya karatasi ya kufungia sukari. Halafu ungefika kwa Mzee Ngatia. Weh! Pale kijani kilikuwa kijani mpaka kinaelekea weusi. Watu walipunguza mwendo. Wengine walisimama kabisa, wakashika ua na kuuliza, "Mzee, hii nyasi unailisha nini?"

Ngatia alikuwa amestaafu kutoka idara ya maji na sasa alikuwa mzee wa kanisa, na swali hilo alilipenda kuliko chai. Alijipangusa mikono polepole kabla ya kujibu. "Nyasi ni kama mtoto," alisema. "Usipoilisha, itakulisha na nini?"

Na alivyoilisha ni hivi. Afisa wa kilimo aliwahi kumwambia kwamba kila akikata nepia, atie yuria kizibo kimoja cha soda kwa kila shina, mvua ikiwa karibu, basi. Ngatia aliona kizibo ni kipimo cha watu waoga. Yeye alitumia kikombe. Juu ya kikombe akamwaga mbolea ya kuku kutoka banda la mkewe, Beth, na nyasi zilipofika magotini tu, laini kama mboga, akazikata na kupeleka zizini. "Ng'ombe anakula rangi," alipenda kusema, na nani angembishia na rangi ile wote wanaiona?

Beth alijaribu siku moja. "Baba Wachuka, hiyo mbolea si imezidi? Hata kuku wanashangaa."

"Kuku wanajua nini?" akasema Ngatia, akacheka mwenyewe.

Mimi sina ugomvi na mbolea. Mbolea imelisha watu na ng'ombe wao. Ugomvi wangu ni na mtu anayefikiri kwamba kama kidogo ni kizuri, basi kingi ni kizuri zaidi. Mtu huyo mpe chumvi, uone atakachopika.

Baridi ilipokolea, majirani waliishiwa. Alikuja Ngendo, mjane aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu duniani. Akaja Theuri wa pale chini, mwenye mdomo ambao haupati likizo. Wote waliomba nyasi, na Ngatia akawapa. Tuseme ukweli, alitoa kwa moyo. Hakuuza hata jani. Lakini alipenda pia kuonekana ametoa, na Jumapili akiitwa mbele kuomba, alisikia watu wakinong'ona, "Huyu ndiye anatulishia ng'ombe." Hapo sauti yake ilizidi kushuka kwa unyenyekevu, maana unyenyekevu nao una ufundi wake.

Kisha ng'ombe wakaanza kutupa ndama.

Wa kwanza alikuwa wa Ngatia mwenyewe, Kanini, mimba imekomaa, Beth ameshaanza kutafuta jina la ndama. Asubuhi walimkuta mdogo wa watu amelala kwenye majani, amekufa, mama yake anamlamba. Muda si muda, wa Ngendo naye akatupa. Ngendo alikuja akilia njiani bila hata kujifunika leso, "Woi, woi, mimi nimekosea Mungu wapi?" Kisha wa Theuri.

Watu watatu wakikaa na msiba mmoja, lazima watafute aliyeuleta. Wakakaa kwa Ngatia, wakanywa uji, wakauliza: sisi watatu tuko na nini sawasawa? Theuri akapiga goti lake. "Ati nini? Si ni Harun! Ng'ombe zetu zote zilipandishwa na Harun!"

Ni kweli. Harun ndiye aliyekuwa mtu wa mbegu wa ushirika wao wa maziwa, wa kupandisha ng'ombe bila fahali. Alikuwa kijana mpole, Mwislamu wa pale mjini Nyeri karibu na msikiti, mwenye pikipiki na mtungi wa mbegu unaotoa moshi wa baridi akiufungua. Alipandisha ng'ombe wao watatu kama alivyopandisha ng'ombe wa mtaa mzima, na wa mtaa mzima walikuwa wanazaa salama. Hilo hakuna aliyelitaja. Pia wote watatu walikuwa wamelishwa nyasi moja kutoka shamba moja, na wenye ng'ombe walikuwa wameketi mita chache kutoka shamba hilo, wanalitazama. Lakini nani atashuku kitu kizuri namna ile?

Mkutano wa ushirika ulipofika, Ngatia ndiye aliyesimama. Alijua kusema, Mungu alimpa. Alianza na Neno, akaja kwa machozi ya mjane, kisha akanyoosha kidole. "Mbegu ya huyu mtu ni mbaya," akasema. "Na hata hiyo mikono anaingiza kwa ng'ombe zetu, mimi sijui inatoka wapi, sijui inashika nini."

Ile ya pili ndiyo iliyomaliza. Kila mtu pale alielewa inamaanisha nini, na Ngatia pia alielewa wakati anaisema. Harun alisimama. "Wazee wangu, mbegu mbaya haishiki mimba. Hizi zilishika zikakua. Tafuteni kitu kingine. Pimeni hata damu..." Wakamzomea. Mwenyekiti Muchiri akapiga meza, ushirika ukamwondoa.

Na neno likitoka halirudi. Liliteremka lenyewe mpaka Kutus. Kila Harun alipobisha akiuliza kama kuna ng'ombe wa kupandisha, watu walikumbuka ghafla kwamba ng'ombe wao hayuko kwenye joto. Akaiuza pikipiki. Wakasema ameonekana Wang'uru, anapakia magunia ya mchele mgongoni. Ngatia alipopata habari hiyo alitikisa kichwa, akasema mwenye kupanda ndiye mvunaji. Hebu fikiria! Alisema hivyo, tena akaomba radhi kwa Mungu kwa niaba ya Harun.

Ni Kanini aliyemfundisha adabu.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Ngatia alikuwa amemjazia hori nyasi za jana, na Kanini akala kwa pupa. Saa moja haikuisha, akaanza kuyumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Akapumua kwa mdomo, ulimi nje, kisha akaanguka. Beth alimfungua mdomo akaona ufizi. Haukuwa mwekundu, haukuwa mweupe. Ulikuwa rangi ya matope.

Daktari Wamucii alifika upesi, mwanamke mfupi mwenye gambuti kubwa na maneno machache. Hakusalimia. Alichoma mshipa, akavuta damu, akaiinua kwenye mwanga. Ngatia aliiona. Ilikuwa ya kahawia, kama kakao iliyokaa kikombeni.

"Amekula nini?"

"Nyasi tu, daktari. Nyasi yangu mwenyewe."

Daktari alitazama hori. Akatazama shamba. Akatoa chupa ya dawa ya bluu, bluu kabisa kama wino, akaanza kuiingiza mshipani polepole, na huku anauliza bila kugeuka. "Unaweka yuria ngapi?"

"Ya kutosha."

"Mzee, ya kutosha ni ngapi?"

Beth ndiye aliyejibu. "Kikombe. Na ya kuku juu."

"Mungu wangu," akasema daktari.

Hapo, amepiga magoti kwenye kinyesi na mkono mmoja juu ya shingo ya Kanini, aliwaeleza. Ile mbolea, alisema, ina naitrojeni, na naitrojeni ni chakula cha nyasi. Nyasi huivuta kutoka udongoni na kuigeuza protini, na hiyo protini ndiyo ng'ombe anaihitaji. Kwa hiyo mbolea kwa kiasi chake ni nzuri, nyasi isiyopata kitu ni sawa na kumlisha ng'ombe kamba. Lakini kule kugeuza kunataka jua na muda. "Ukiimwagia kupita kiasi, halafu ni msimu wa baridi, jua hakuna, na unaikata ikiwa changa, haijamaliza kazi. Naitrojeni inabaki mbichi kwenye mashina. Ng'ombe akiila inakuwa sumu tumboni, inaingia kwa damu, damu inashindwa kubeba hewa. Unaona anavyopumua? Anapumua na hewa haifiki."

"Lakini iko kijani, daktari," akasema Ngatia. Hata yeye alisikia sauti yake ilivyokuwa ndogo.

"Kijani ni rangi, mzee. Si kipimo."

Akawaambia waache zikomae, wakate juu kidogo kwa sababu sumu hukaa sana chini ya shina, wachanganye na mabua makavu ya mahindi, na kikombe kirudi jikoni. Kanini alianza kuvuta pumzi ndefu. Baadaye alisimama, miguu imeachana, akakojoa mkojo wa kijani-bluu wa ile dawa, na kwa kawaida Ngatia angecheka.

Hakucheka. Kuna swali ambalo hakutaka kuliuliza, maana jibu alishalijua. "Daktari. Ng'ombe akikula hii akiwa na mimba?"

"Ndama anapumua kwa damu ya mama yake. Mama akikosa hewa, ndama ndiye anatangulia." Daktari alikuwa anafunga mkoba. "Kwani kuna aliyetupa?"

Ngatia alisogeza hori mbali na Kanini. Daktari alichukua damu na nyasi kidogo za kupeleka maabara, akasema majibu huchelewa, akaenda zake. Beth alibaki ameegemea nguzo ya zizi, mikono ndani ya aproni.

"Na Harun?" akauliza.

Neno hilo tu. Mke wa miaka mingi hahitaji mahubiri. Ngatia alihisi uso unawaka mpaka masikioni, mtu mzima, mjukuu anamwita guka. Aliona aibu kwa ajili ya ndama wa Ngendo, aliyeuawa kwa zawadi yake. Aliona aibu kwa kidole alichonyoosha. Lakini iliyomchoma kuliko zote ni ile kauli ya mikono, kwa sababu hiyo haikuwa makosa ya kutojua. Kuhusu nyasi hakujua. Kuhusu mikono alijua anachofanya.

Jumapili iliyofuata aliitwa mbele kuomba, akasema koo linamuuma. Watu wakamletea tangawizi. Ukiona watu wanakuletea tangawizi na wewe unastahili fimbo, ndipo utajua aibu ni nini.

Alishuka mjini kwenda kwa Harun. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini mlango ulifunguliwa na mke, Mwanabibi, mtoto mgongoni na mwingine nyuma ya kanga yake. Alipomtambua, alirudi hatua nyuma, akashika mlango kama mtu anayesikia upepo unakuja.

"Mzee, kuna nini tena?" akasema. "Ameshaacha ile kazi. Hata vifaa ameuza. Yuko Wang'uru. Tafadhali, hajamgusa ng'ombe wa mtu."

Ngatia akasahau yote aliyoyapanga. Alitegemea matusi, na matusi angeyapokea. Hakutegemea kuogopwa. "Hapana, mama," akasema. "Hakuna ubaya. Mwambie aje mkutano wa ushirika. Mwambie Ngatia ataongea mambo yake, na atanyoosha kila kitu." Mwanabibi alimkaribisha chai kwa adabu ya watu wa mjini, huku macho yake yanamwomba aende. Ngatia akaenda, na njiani akajiambia kwamba ukweli bora usemwe mbele ya wote, kwa sababu uongo nao ulisemwa mbele ya wote. Ilikuwa ni kweli. Ila pia alikuwa ameshindwa kuusema kwa mtu mmoja mlangoni.

Daktari alikuwa ameitwa mbali siku ile ya mkutano, na majibu ya maabara hayajatoka. Ngatia hakujali. Neno lake lilitosha kumwangusha Harun, basi litatosha kumwinua. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na usimcheke sana, ni wengi tunaofikiri hivyo.

Watu walijaa pale kituo cha maziwa. Harun alikuwa mlangoni, amesimama, amekonda, mabega yamepanuka kwa magunia na suruali imemlegea. Ngatia alipoitwa, alisimama na kuanza kwa njia aliyoizoea maisha yake yote. Hilo ndilo lililomponza.

"Ndugu zangu," akasema, "mbele yenu amesimama mwenye dhambi."

"Ameni!" wakaitika kina mama. Walishamsikia akisema hivyo mara nyingi.

"Hapana, sikilizeni. Zile ndama hazikuuawa na mbegu. Ni nyasi yangu. Niliweka mbolea kupita kiasi, ikawa sumu. Nikawapa. Mimi ndiye nilitupisha ng'ombe zenu. Harun hakukosa kitu. Na ile maneno nilisema ya mikono yake, nilisema kwa ubaya. Ilikuwa chuki."

Ngatia akangoja kupigwa na maneno. Alikuwa tayari kabisa.

Theuri akasimama, macho yamejaa machozi. Ee, Theuri! "Mmeona moyo ya huyu mzee?" akasema. "Amebeba kosa ya mtu mwingine, ndio kijana arudi kwa kazi! Mimi nimekula nyasi ya huyu mzee, namaanisha ng'ombe yangu imekula, hata sasa inakula. Iko sawa kabisa. Nyasi kama ile itaua nani?"

"Siku hizi nakupa ikiwa na mabua!" Ngatia akapaza sauti. "Imechanganywa! Daktari alisema..."

"Daktari amepima akapata?" akauliza Muchiri.

"Bado, lakini..."

"Basi, mzee. Keti. Tumeelewa."

Wakacheka kwa upendo. Ngendo naye akasimama, mjane aliyelia njiani, akasema ikiwa mzee aliyepoteza ndama mwenyewe ameweza kusamehe, yeye ni nani asisamehe? Hapo watu wakapiga makofi. Ngatia akapiga kelele, "Nawaambia ni mimi! Ni mimi!" na kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kumpenda. Wengine wakasema heri kila kanisa lingekuwa na mzee mmoja namna hii. Wakamvika kilemba cha ukoka mchana kweupe, naye anakivua, wanamvika tena.

Muchiri akatoa hoja kwamba Harun arudishwe kazini, kwa majaribio, chini ya macho ya Mzee Ngatia, kwa sababu ya huruma ya mzee. Mikono ikainuka kama msitu. Wakamwita Harun aje mbele aseme neno.

Harun alikuja polepole. Alimtazama Ngatia usoni, na Ngatia akaona kwamba ameelewa yote. Alikuwa mtu mmoja tu katika ukumbi ule aliyeamini. Kazi yake ilikuwa ng'ombe, alijua damu na alijua mimba. Ngatia akangoja aseme. Alimwomba moyoni aseme. Sema, mwanangu, wataniamini wakisikia kwako.

Harun akageukia watu. "Nawashukuru wazee na kina mama," akasema. "Na zaidi namshukuru Mzee Ngatia kwa kunisamehe."

Makofi yakalia mpaka mabati ya paa yakatikisika. Harun akanyoosha mkono. Ngatia akaushika, ulikuwa mgumu, umechubuliwa na magunia, na hapo akashindwa kuvumilia. Akafungua mdomo kusema kwa mara ya mwisho kwamba hakuna msamaha wowote hapa, kwamba sisi ndio tunaopaswa kumwomba Harun msamaha. Lakini watu humrudisha upesi mtu waliyemsamehe; mtu waliyemkosea hawapendi hata kukutana naye njiani. Harun alilijua hilo kuliko yeye. Akamvuta karibu, kama mtu anayemkumbatia baba yake, akamwambia sikioni:

"Mzee, tafadhali nyamaza. Usiniharibie mara ya pili."

Ngatia akanyamaza. Watu waliendelea kupiga makofi, naye akasimama pale mbele yao, mkono umeshikwa, anatazama sakafu.